Uhaba wa nafasi ya hifadhi katika kompyuta mpakato

Uhaba wa nafasi ya hifadhi ni hali ya diski ya kompyuta kujaa kiasi kwamba hata masasisho ya usalama hukwama. Hutokea sana katika kompyuta mpakato za bei nafuu kama HP Stream 11 ya mwaka 2014, iliyouzwa ikiwa na gigabaiti 32. Windows huonyesha takriban 29 tu, na yenyewe huchukua sehemu kubwa.

Kubadilisha diski si rahisi hapa, kwa kuwa hifadhi ya aina ya eMMC ni chipu iliyolehemiwa kwenye ubao mama.

Wengi huanza kwa kufuta picha zao, ingawa mara nyingi mafaili makubwa ni ya mfumo wenyewe. Folda ya Windows.old, inayobaki baada ya kuhamia toleo jipya, inaweza kuzidi gigabaiti 10. Huondolewa kwa zana ya kusafisha diski, lakini baada ya hapo hakuna kurudi kwenye toleo la awali. Faili la hiberfil.sys hutunza yaliyomo kwenye RAM ili kazi iendelee kompyuta ikiwashwa tena. Amri ya msimamizi powercfg /h off hulifuta. Muziki na video huweza kuhamishiwa kadi ya kumbukumbu (kadi nayo hupotea upesi, hivyo nakala ya pili inahitajika).

Windows 11 hudai gigabaiti 64, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa sababu hiyo baadhi ya wamiliki huweka matoleo mepesi ya Linux, kama Lubuntu.