Motere ya ndege ndogo ikitetemeka: juu ya nini rubani anarudi mbele ya kuruka?

Abiria wameisha kukaa, mizigo imefungwa, mlango umefungwa. Ndege ndogo inakwenda polepole hadi mwisho wa pisti ya Kavumu, inasimama, motere inanguruma. Mara sauti inabadilika, inakatika-katika kama pikipiki yenye bujie mbaya. Dakika chache baadaye ndege inageuka na kurudi pale ilipotoka. Ndani watu wanaanza kulalamika: "Sasa tunarudi juu ya nini? Shabunda wanatungojea!"

Malalamiko hayo yanaeleweka. Barabara ya kwenda Shabunda ni mateso, na kwa mgonjwa au mchuuzi, siku moja ya kuchelewa ni hasara kubwa. Lakini kile rubani alichosikia pale mwisho wa pisti kinaweza kuwa tofauti kati ya kufika na kuanguka porini.

Kwanza tutenganishe mambo. Ndege kama Let-410 na Cessna Caravan zina motere za turbini. Hizo hazina bujie za kuwaka kila mara kama za gari, na zinakunywa kerozeni, jamaa ya petroli ya taa. Hapa tunaongelea motere za pistoni, zile za Cessna ndogo kama 182 na 206, au Antonov-2 ya zamani yenye mabawa mawili-mawili. Hizo zinatumia esanse ya ndege. Na motere ya pistoni inaomba vitu vitatu: cheche, esanse safi, na hewa ya kutosha. Ikitetemeka, fundi anatafuta ni kipi kinakosekana.

Cheche. Kila silinda ya motere hiyo ina bujie mbili, na motere yenyewe ina manyeto mbili za kutoa umeme. Moja ikikufa, ingine inaendelea. Mbele ya kuruka, rubani anapandisha motere karibu mizunguko 1700 au 1800 kwa dakika, kisha anazima manyeto moja, anairudisha, na anazima ya pili. Mizunguko inapaswa kushuka kidogo tu. Kwa Cessna nyingi ndogo, kushuka kupita 125 au 150 ni mbaya, na tofauti kati ya manyeto mbili isipite 50. Motere ikianza kutetemeka wakati wa kipimo hiki, mara nyingi ni bujie iliyojaa uchafu wa risasi au wa mafuta ya motere. Rubani anaweza kupunguza esanse, kuacha motere izunguke kwa nguvu kwa dakika moja hivi ili uchafu uungue, kisha apime tena. Ikikataa, hakuna safari.

Kuna jambo moja linalodanganya watu. Mizunguko isiposhuka hata kidogo, si habari nzuri. Inaweza kumaanisha kwamba manyeto haizimiki. Motere ya namna hiyo inaweza kuwaka mtu akigusa tu panga la mbele, hata kama ufunguo umetolewa.

Hewa. Kavumu iko karibu metre 1720 juu ya bahari. Huku kwetu nguvu ya hewa imepungua karibu sehemu moja juu ya tano, ukilinganisha na kando ya bahari. Rubani akiacha esanse iingie kama vile yuko Muanda, inazidi hewa, na motere inakohoa, inatoa moshi mweusi, bujie zinachafuka. Ndiyo maana vitabu vya Cessna nyingi vinaomba kupunguza esanse mbele ya kuruka, pisti ikipita futi 3000. Kavumu inapita futi 5600.

Halafu kuna barafu. Ndiyo, barafu hapa Bukavu! Ndani ya kabirateri, hewa inapita pembamba na esanse inageuka mvuke, na baridi inaweza kushuka zaidi ya digri 20. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama wakati wetu wa mvua, barafu inafunga njia hata kama nje ni digri 20. Dawa ni kuvuta hewa ya moto inayopita karibu na bomba la moshi. Lakini barafu ikianza kuyeyuka, maji yanaingia ndani ya motere, na kutetemeka kunazidi kwa muda mfupi. Rubani mwoga anafunga hewa ya moto haraka, na hapo ndipo anakosea. Anapaswa kuvumilia mpaka motere ipone. Motere za kusukuma esanse kwa sindano hazina kabirateri, kwa hiyo hatari hiyo haiko kwao.

Esanse. Maji ni mazito kuliko esanse, yanakaa chini ya tanki. Kila asubuhi, na kila baada ya kujaza, esanse inatolewa kidogo chini ya bawa ndani ya chupa ya kuonea. Esanse ya 100LL ina rangi ya buluu, na maji yanaonekana kama matone chini yake. Kwenye pisti za porini, hatari inatoka kwenye fusto. Fusto ikisimama wima chini ya mvua, maji yanalala juu ya kifuniko. Usiku ikipoa, inayavuta ndani. Ilazwe au iinamishwe. Na kama kuna wasiwasi kwamba kerozeni imechanganyika, tone moja juu ya karatasi linasaidia: esanse inakauka, kerozeni inaacha alama ya mafuta.

Ndege ikirudi, fundi anaweza kuwasha motere kidogo, kuizima, na kutia tone la maji kwenye bomba la moshi la kila silinda. Pale ambapo maji hayachemki, silinda hiyo haikufanya kazi. Hapo anaanza na bujie, waya, sindano ya esanse, na mwisho anapima kama vali zinafunga vizuri.

Na kama kutetemeka kunaanzia angani? Rubani anaendelea kwanza kuongoza ndege. Kisha anavuta hewa ya moto, anabadilisha tanki, anarekebisha esanse, anapima manyeto, huku akitafuta pisti ya karibu. Juu ya msitu wa Kahuzi-Biega, mahali pa kutua hapapatikani. Ni sababu kutetemeka kule kunapaswa kugunduliwa chini, hapa Kavumu.

Kwa abiria, basi: usimsukume rubani aruke, na ukisikia sauti mbaya, mwambie. Kwa wakaaji wa karibu na pisti: watoto wasichezee panga la ndege, hata kama imesimama tangu jana.