Filamu ya 'Pumzi' na Maji ya Ndakaini

Aghalabu mwanafunzi wa shule ya upili akitajiwa filamu za kutisha, fikra zake huenda moja kwa moja kwa mazimwi, wafu waliofufuka na viumbe wa sayari za mbali. Hapana ajabu, maana hizo ndizo filamu zilizojaa katika vibanda vya video mitaani kwa miaka na mikaka. Hata hivyo, kwa zaidi ya nusu karne kumekuwepo pia filamu ambamo zimwi lenyewe ni jua kali, bahari iliyofura au mvua iliyokataa kunyesha. Walimu wa fasihi wa Thika na Ruiru wana sababu ya pekee ya kuzizingatia filamu hizi: mojawapo ya zilizo bora ilitungwa na Mkenya, na jambo inalolisimulia linapita karibu na malango yao, ndani ya mabomba.

Tuziangalie kwanza za kigeni. Mwaka 1973 Wamarekani walitoa filamu iitwayo Soylent Green, iliyoubuni mji wa New York wa mwaka 2022: joto lisilopoa, watu wamesongamana hata ngazini, chakula ni cha mgao. Mwaka huo ulipowadia, si New York iliyokuwa taabani. Ilikuwa ni kaskazini mwa Kenya, ambako msimu wa tano wa mvua ulikosekana kwa mfululizo. Wanasayansi walioupeleleza ukame ule walieleza mwaka 2023 kwamba ongezeko la joto linalotokana na shughuli za binadamu lilikuwa limeufanya uwezekano wa balaa kama hilo kuwa mkubwa angalau mara 100. Mtunzi wa filamu alikosea mahali, hakukosea mwaka.

Nyingine, The Day After Tomorrow ya mwaka 2004, inaigandisha nusu ya dunia kwa siku chache tu. Kwa maoni yangu, hiyo ni tamasha la macho. Mtazamaji hutoka akilistaajabia wimbi lililoufunika mji, wala hajiulizi wimbi lile lilifugwa na nani. Snowpiercer ya mwaka 2013 ina akili zaidi: binadamu wanamwaga kemikali angani ili kupunguza joto, dunia inaganda, na waliosalia wanaishi ndani ya garimoshi moja, matajiri mbele na mafukara mkiani. Hapo mwalimu ana la kufundishia.

Lakini ni Pumzi ninayotaka tuitazame kwa makini. Filamu hii ya dakika zipatazo 20 iliandikwa na kuongozwa na Wanuri Kahiu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikaonyeshwa katika tamasha la Sundance huko Marekani. Inatupeleka Afrika Mashariki, miaka 35 baada ya vita vya tatu vya dunia, vilivyopiganiwa maji. Walionusurika wanaishi ndani ya majengo yaliyofungwa, katika jamii iitwayo Maitu. Nje, wanaambiwa, kila kitu kimekufa. Ndani, jasho na mkojo husafishwa na kunywewa tena, umeme huzalishwa na watu wanaotoa jasho juu ya mitambo ya mazoezi, na anayeota ndoto huamriwa ameze dawa ya kuizuia.

Asha, mtunzaji wa jumba la makumbusho, anapokea kisanduku cha udongo kisicho na jina la mtumaji. Anaupima, anaukuta una maji na hauna sumu. Anapanda mbegu kuukuu, nayo inachipua. Anapoomba ruhusa ya kutoka nje, Baraza linamkatalia, askari wanaiharibu kazi yake, naye anapelekwa kwenye mitambo ya umeme. Msafishaji wa choo ndiye anayemsaidia kutoroka.

Zingatia, ewe mwalimu, kitisho kilipo. Hamna damu wala kelele. Kinachotisha ni utaratibu: sauti ya upole ya mashine, kibali kilichonyimwa, tone la maji linalohesabiwa. Anayeyadhibiti maji ameyadhibiti hata maono ya watu. Tena wanafunzi wetu wengi wa Kiambu hawahitaji tafsiri ya jina Maitu. Ni "mama" kwa Kikuyu, na filamu yenyewe inalichambua neno hilo hadi kufikia maana ya "ukweli wetu".

Sasa turudi nyumbani. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, limejengwa juu ya Mto Thika katika nchi ya Gatanga, na lina uwezo wa kuhifadhi mita milioni 70 za ujazo. Maji yake husafishwa Ng'ethu, kisha husafirishwa hadi Nairobi, ambayo huyategemea kuliko chanzo kingine chochote. Mto Ruiru nao ulizibwa kwa ajili ya Nairobi tangu enzi za ukoloni. Hivyo miji hii miwili imekaa kati ya chemchemi na kinywa kikubwa. Mvua ilipopungua, Nairobi ilianza kugawiwa maji kwa zamu Januari 2017. Mwaka 2024, kati ya Machi na Mei, mvua ilirudi kwa hasira na mafuriko yakaua watu zaidi ya 200 nchini. Ukame na gharika ni watoto wa tumbo moja.

Wakati huohuo, wanywaji wanaongezeka. Sensa ya mwaka 2019 iliuweka Ruiru katika nafasi ya nne kwa wingi wa watu miongoni mwa miji ya Kenya, ukitanguliwa na Nairobi, Mombasa na Nakuru. Palipokuwa na mibuni pameota nyumba za kupangisha. Bwawa la Karimenu, lililofunguliwa mwaka 2022 huko Gatundu, lilikusudiwa kuituliza kiu ya Juja na Ruiru pamoja na sehemu ya Nairobi.

Kuna pia ule mfereji wa chini kwa chini, uliobuniwa kuyachota maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyaleta Ndakaini. Mwaka 2015 Raila Odinga, aliyekuwa kiongozi wa upinzani, alidai utaigeuza Murang'a kuwa jangwa. Serikali ikapinga, ikisema yatakayochotwa ni maji ya mafuriko tu. Sitaamua kesi hiyo hapa. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi aliyeitazama Pumzi atayauliza maswali yanayostahili: Ni nani aliyepima? Ni nani aliyeulizwa? Kibali kilitolewa na nani?

Hata hivyo, filamu hii ina dosari. Asha anakwenda jangwani peke yake, anaupanda mche, anaunywesha maji yake ya mwisho na kuukinga kwa mwili wake hadi anakata roho. Ni picha nzuri, lakini inaufanya uokovu kuwa kazi ya shahidi mmoja. Kahiu mwenyewe alitengeneza filamu kumhusu Wangari Maathai, na Maathai hakupanda miti kwa njia hiyo. Shirika alilolianzisha mwaka 1977 lilisimama juu ya vikundi vya wanawake vijijini, wenye vitalu, hesabu na mikutano. Mti mmoja unaolindwa na maiti haujawa msitu.

Kwa mwalimu wa Kiswahili, Pumzi inakaa vyema kando ya Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi ya mwaka 1995, ambayo nayo humsafirisha mhusika hadi ulimwengu mwingine ili auone wake. Maadamu mazungumzo ya filamu ni machache na ni ya Kiingereza, darasa linaweza kuyaandika upya kwa Kiswahili kwa vipindi viwili tu. Na kwa kuwa tamasha za drama za shule sasa zina kitengo cha filamu, sioni sababu ya vijana wa Thika kuigiza tena majini ya kigeni. Waanze na mchuuzi wa maji wa Ruiru anayesukuma mkokoteni wa mitungi alfajiri, na wamfuate hadi bombani anakoyachota.