Kompyuta Yenye Mabwana Wawili

Mwananchi wa Goziba au Ikuza anayevuka ziwa kwenda Muleba kutafuta cheti au leseni huacha ofisini jina lake, namba yake ya simu, namba ya kitambulisho cha Taifa, na pengine hata alama za vidole vyake. Zamani habari hizo zilikaa katika jalada, na jalada likakaa katika kabati lenye kufuli. Leo zimo ndani ya kompyuta. Kabati likivunjwa usiku, karani huliona asubuhi. Kompyuta ikivunjwa huendelea kufanya kazi kama kawaida, na karani akaendelea kuiamini.

Mvunjaji wa siku hizi halazimiki kuwa fundi hodari. Hupata mfuko mzima wa zana uliokwisha kutayarishwa: zana ya kuunda programu ya siri, zana ya kuificha ndani ya waraka wa kawaida, na zana ya kuiamuru ikishaingia. Programu hiyo haimngojei bwana wake aje. Yenyewe humbishia hodi kwa njia ya intaneti kila baada ya muda, kuuliza ina kazi gani. Ataiamuru inakili mafaili, isome kila herufi inayochapwa, au iwashe kamera na kipaza sauti. Mashine moja huwa na mabwana wawili, mmoja mezani na mwingine asikojulikana.

Si kila mfuko wa aina hii ulitungwa na wezi. Metasploit, ulioanza mwaka 2003, na Cobalt Strike, ulioanza 2012, ilitengenezwa ili mafundi wapime uimara wa mitambo yao wenyewe. Lakini nakala za Cobalt Strike ziliibwa zikaenea kwa wahalifu, hata Juni 2024 polisi wa nchi kadhaa, wakiongozwa na Uingereza, wakazima anwani 593 za mtandao zilizohusika na matumizi hayo.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya. Oktoba 2015 Privacy International, shirika la London, lilichapisha taarifa na hati zilizoonyesha kwamba idara ya ujasusi wa kijeshi ya Uganda ilinunua FinFisher, programu ya upelelezi kutoka Ujerumani. Kwa mujibu wa hati hizo, kati ya 2011 na 2013, kufuatia maandamano ya kutembea kwenda kazini, programu hiyo ilikusudiwa kupandikizwa katika mashine za wapinzani na waandishi wa habari, na mitego ya mtandao ikawekwa katika hoteli 21 za Kampala, Entebbe na Masaka. Serikali ya Uganda ilikana. Masaka si jina geni kwa watu wa Kagera, tangu vita vya 1979 hadi biashara ya leo kupitia Mutukula. Mfanyabiashara wetu hulala huko. Na operesheni yenyewe ilipewa jina la Kiswahili: Fungua Macho. Ni ajabu kuona lugha hii ikikopeshwa kwa kazi ya kuchungulia watu kwa siri!

Wanaodhani kwamba zana hizi ni salama zikiwa mikononi mwa Dola wakumbuke pia kuwa mwaka 2014 waliotengeneza FinFisher walidukuliwa wenyewe, na mafaili yao yakamwagwa hadharani.

Nchi yetu haikukaa kimya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia katika kompyuta ya mtu bila haki, na kumiliki programu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka kila anayekusanya habari za watu azilinde. Hatuna budi hata hivyo kusema bila kuficha kwamba sheria haizuii flashi iliyotoka katika duka la steshenari isichomekwe katika mashine ya ofisi. Wala haimzuii ofisa kutuma orodha ya wananchi kwa barua pepe yake binafsi, au kutumia programu ya wizi kwa kuwa ya halali ina gharama. Hayo yamo katika uwezo wa wakuu wa idara, na hayangoji bajeti mpya. Afisa TEHAMA apewe mamlaka ya kukataa, hata anayeomba akiwa bosi wake.

Kwa wenzetu wa Bumbire, Kerebe na Mazinga, simu ya mkononi nayo ni kompyuta. Programu ya mkopo inayotaka kusoma ujumbe na majina yote ya simuni isipewe ruhusa.

Tunaziomba halmashauri za Bukoba na Muleba, zitakapovuka tena kwenda visiwani kuandikisha watu kwa shughuli yoyote, ziwaeleze kabla ya kuchukua jina la kwanza: ni nani anayezitunza habari zao, katika mashine ipi, na watajulishwa kwa njia gani zikivuja.