Ndege inaposhuka Songea: Mtambo husaidia, lakini kazi humwelemea rubani

Na Mwandishi Wetu, Mbinga

MFANYABIASHARA wa kahawa anayerejea Mbinga kwa ndege kutoka Dar es Salaam hutambua kuwa Songea imekaribia pale mngurumo wa injini unapopungua na masikio kuanza kuziba. Kwake huo ni wakati wa kufunga mkanda na kuifikiria barabara ya kwenda nyumbani. Kwa watu wawili waliomo katika chumba cha marubani, ndipo kazi inapopamba moto.

Ndege ikiwa imetulia angani, sehemu kubwa ya kazi hufanywa na mtambo wa kujiendesha, ambao marubani huuita otopailoti. Mtambo huo hushika kimo na mwelekeo bila kuchoka. Kushuka ni jambo jingine. Kwa hesabu ya kawaida ya marubani, kila futi 1,000 za kushuka huhitaji maili tatu za baharini za kwenda mbele. Ndege iliyo futi 23,000, ikielekea Songea, mji ulio zaidi ya futi 3,000 juu ya usawa wa bahari, yapasa ianze kushuka ikiwa imebakiza maili 60 hivi. Hizo ni kilometa zipatazo 110, umbali unaokaribiana na ule wa barabara ya Songea hadi Mbinga, na ndege huumaliza kwa takriban robo saa.

Ndani ya robo saa hiyo, rubani mmoja huiongoza ndege, na mwenzake huzungumza na mnara, hupokea taarifa za upepo na mawingu, husoma orodha ya ukaguzi na kumwangalia aliyeshika usukani. Jambo moja likibadilika, mathalani upepo ukigeuka na kulazimu ndege itue kutokea upande wa pili, hesabu zote huanza upya na kompyuta huhitaji maelekezo mapya. Huo ndio mtego wenyewe. Mtambo uliowekwa kupunguza kazi huongeza kazi katika dakika ambazo hakuna mkono wala jicho la ziada.

Mfano unaotajwa sana katika vyuo vya urubani ni wa Cali, nchini Colombia, Desemba 20, 1995. Marubani wa ndege ya American Airlines namba 965 walikubali kutua moja kwa moja kutokea kaskazini ili kuokoa muda. Katika haraka hiyo waliingiza herufi moja tu, R, katika kompyuta, wakikusudia kituo cha Rozo. Kompyuta ikachagua kituo kingine kiitwacho Romeo, kilicho karibu na Bogotá, na ndege ikageuka kuelekea milimani. Watu 159 kati ya 163 walipoteza maisha. Mtambo haukuharibika, ulitii.

Abiria wa Songea wana sababu ya kuangalia pia ajali ya Februari 12, 2009, karibu na Buffalo, Marekani, kwani iliihusu Dash 8 Q400, aina ileile ya ndege za propela ambazo Shirika la Ndege Tanzania (ATCL) huzitumia katika safari za mikoani. Katika aina hiyo otopailoti hushika kimo, lakini nguvu za injini hurekebishwa kwa mkono wa rubani. Siku hiyo magurudumu yaliteremshwa, kasi ikashuka, na hakuna aliyeona hadi mitambo ilipotoa tahadhari na otopailoti kujizima. Nahodha alivuta usukani badala ya kuusukuma mbele. Watu 50 walikufa, akiwamo mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Wachunguzi walibaini pia kuwa marubani walikuwa wakizungumza mambo yasiyohusu safari chini ya futi 10,000, jambo ambalo sheria za Marekani zimelikataza tangu mwaka 1981.

Hapa nchini, Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliangukia Ziwa Victoria katika hali mbaya ya hewa ikiwa karibu kutua Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki, wakiwamo marubani wote wawili. Kuitaja hapa si kudai kwamba otopailoti ndiyo iliyosababisha ajali hiyo. Inakumbusha tu kwamba viwanja vingi vya mikoani havina mitambo ya ardhini ya kuielekeza ndege hadi kwenye njia ya kutua, hivyo sehemu ya mwisho ya safari hubaki kwa macho na mikono ya rubani. Mikono hiyo huhitaji mazoezi. Januari 2013, mamlaka ya anga ya Marekani iliyataka mashirika yawahimize marubani wao kuendesha ndege kwa mkono pale hali inaporuhusu, baada ya kuona makosa yakiongezeka.

Kinga nyingine ni utaratibu ambao mashirika mengi hufuata: ndege ikifika futi 1,000 juu ya uwanja huku kasi au mteremko haujakaa sawa, na mawingu yakiwa yameuficha uwanja, marubani hawaendelei kutua. Huongeza nguvu za injini na kupaa tena, wakajaribu upya au wakageukia uwanja mwingine. Msimu wa mvua, mawingu yanapolala juu ya milima ya Umatengo na Songea, abiria anayekuta amerudishwa Dar es Salaam hupoteza siku nzima na huenda na soko, na manung'uniko yake yanaeleweka. Uamuzi huo, hata hivyo, hufanywa kwa sekunde chache na watu ambao tayari mikono yao imejaa kazi, na yeyote kati ya marubani hao wawili, hata aliye mdogo kwa cheo, anaruhusiwa kuutamka.