Gari likitetemeka kwenye sailensa, tafuta chanzo kabla ya kununua spea

RUMONGE. Mfanyabiashara anayepakia mawese Rumonge alfajiri ana saa chache tu za kuwahi soko la Bujumbura, kilomita zipatazo 75 kaskazini, au kushuka kusini kupitia Nyanza-Lac hadi mpaka wa Mugina na Manyovu. Gari likianza kutetemeka likiwa limesimama, wengi hufunga macho na kuendelea na safari. Wengine huenda kwa fundi na kurudi na plagi mpya, koili mpya na mfuko mtupu, huku mtetemo ukiwa palepale.

Magari mengi madogo ya biashara katika mwambao huu ni Toyota Carina TI na Probox. Carina ilikoma kutengenezwa mwaka 2001 na Probox ilianza 2002, kwa hiyo hata TI changa kuliko zote imepita miaka 20. Uzee huo haumaanishi injini imekufa. Mara nyingi kasoro ni ndogo, ila lazima ifuatwe kwa mpangilio.

Injini au raba zake?

Kwanza tenganisha mambo mawili: injini inayomisi na injini inayozunguka vizuri lakini inatikisa bodi. Simama nyuma ya gari usikilize ekzosi. Mlio ukiwa sawasawa lakini usukani na viti vinatikisika, shuku raba zinazobeba injini, yaani maunti. Kwa gari la otomatiki, kanyaga breki kwa nguvu, pandisha handibreki, kisha hamisha gia kutoka D kwenda R huku fundi akitazama kwa pembeni, asisimame mbele ya gari. Injini ikiruka, maunti imekatika au imelegea.

Mtetemo unaoanza gari likiwa kwenye mwendo wa kasi, huku sailensa ikiwa tulivu, hauhusiani na plagi. Kagua matairi, balansi ya magurudumu na shafti.

Silinda ipi imelala?

Ekzosi ikidunda kwa kurukaruka, kuna silinda kati ya nne isiyofanya kazi. Kwenye Probox kila silinda ina koili yake. Injini ikiwa kwenye sailensa, fundi achomoe soketi ya koili moja kwa sekunde chache, airudishe, kisha aende kwa inayofuata. Akichomoa nzima, mlio hushuka. Akichomoa ambayo mlio wake haubadiliki, amepata silinda iliyolala.

Hapo ndipo wengi hukimbilia dukani. Subiri. Zima injini, hamishia koili ya silinda hiyo kwa jirani yake. Tatizo likihama na koili, nunua koili moja, si nne. Likibaki palepale, badilishana plagi, ambazo wenzetu waliozoea Kifaransa huziita buji. Likiendelea kubaki, kinachofuata ni nozeli na kupima kompresheni. Kompresheni ikiwa chini, tatizo liko ndani ya injini na hakuna plagi itakayoliponya.

Carina TI nyingi hutumia distribyuta na waya ndefu za plagi. Usichomoe waya hizo kwa mkono mtupu injini ikiwaka, umeme wake ni mkali. Usiku, fungua boneti gizani uangalie: cheche zikirukaruka juu ya waya, waya zimechoka.

Kwa Probox, mashine ya kusoma kompyuta husaidia. Kodi P0301 hadi P0304 hutaja silinda kwa tarakimu ya mwisho, na namba moja iko upande wa mkanda. P0300 ni kumisi kwa silinda mbalimbali, na hapo fikiria hewa au mafuta kabla ya koili.

Hewa na mafuta

Mpira wa hewa uliopasuka huingiza hewa isiyopimwa. Sikiliza mlio wa kufyonza, kagua kila mpira ulio kati ya ekilina na injini. Uchafu mweusi kwenye mlango wa hewa pia huvuruga sailensa, nao husafishwa tu.

Uhaba wa mafuta ulioikumba Burundi miaka ya karibuni umewafanya madereva wengi kununua petroli ya madumu. Gari likianza kumisi muda mfupi baada ya kujaza, weka kiasi kwenye chupa angavu uiache itulie: maji hukaa chini. Kisha dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, mbali na moto. Petroli safi hukauka upesi, iliyochanganywa mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Hapo suluhisho ni kumwaga tanki na kubadili chujio.

Usilipuuze

Taa ya injini ikipepesa, punguza mwendo na tafuta fundi. Petroli isiyoungua huingia kwenye ekzosi na kuharibu kichujio cha moshi, ambacho bei yake hupita ya koili mara nyingi.

Ukilazimika kufuata spea Kigoma au Bujumbura, nenda na ile mbovu mkononi, ulinganishe namba. Ukivuka mpaka, kumbuka cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya. Mawese na mikeke yako vinaingia humo. Koili iliyotoka Japani au China haimo, hata kama umeinunulia Kigoma. Itangaze forodhani na utunze risiti yake.