Muhuri wa Kiazi na Mambo ya Nanomita

Nilipomwambia mlezi wa chama chetu kwamba mwaka huu sitaleta shairi bali makala ya sayansi, alinitazama juu ya miwani yake. "Mambo ya nanomita kwa Kiswahili? Maneno utayatoa wapi?" Wenzangu wakaangua kicheko. Mmoja akadai eti nitaandika aya mbili tu kisha nikimbilie Kiingereza. Siku hiyo sikuwa na jibu. Sasa ninalo, na maneno yenyewe ni matatu: kalibu, muhuri na wino.

Hebu tuanze na kiazi. Nani kati yetu hakuwahi kukata kiazi nusu akiwa shule ya msingi, akachonga nyota, akachovya kwenye rangi na kugonga karatasini? Kiazi kimoja, nyota mia. Shika mfano huo usiuache.

Nanomita ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni moja. Unywele wa kichwani una unene wa nanomita 80,000 hivi, wa wengine zaidi, wa wengine pungufu. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa 7,000 hadi 8,000. Himoglobini, ile protini iliyo ndani yake inayobeba oksijeni, ni kama 5 tu! Sasa mtaalamu akitaka kupanga protini kwa mistari au vidoa juu ya kioo, afanyeje? Zamani njia ilikuwa ile ya viwanda vya vipuri vya kompyuta: mwanga maalumu, kemikali kali, na chumba ambamo hata vumbi haliingii. Gharama yake usiulize. Tena kemikali zile huharibu vitu vyenye uhai.

Mwaka wa 1993 Amit Kumar na George Whitesides wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walitangaza njia nyingine. Walichukua kalibu yenye michoro midogo mno, wakamimina juu yake mpira wa silikoni ukiwa bado majimaji. Ulipoganda wakaubandua. Huo ndio muhuri. Wakaupaka wino wa kemikali, wakaugonga juu ya utando mwembamba wa dhahabu. Kumbe ni kiazi kilekile! Miaka iliyofuata wataalamu wakajifunza kutumia protini yenyewe kama wino. Kutengeneza kalibu bado kulikuwa ghali, sikatai, ila kalibu moja huzaa mihuri mingi, na kugonga muhuri meza ya kawaida yatosha. Kasoro pia ipo. Mpira ni laini, na michoro ikiwa midogo kupita kiasi huinama na kugandana, au wino husambaa kama kwenye daftari la bei rahisi.

Utauliza, yote haya ni ya nini? Mwaka wa 1997 Christopher Chen, Whitesides, Donald Ingber na wenzao walieleza jaribio ambalo mimi nililisoma mara tatu. Waligonga vidoa vya protini ambayo seli hupenda kushikilia, vingine vidogo, vingine vikubwa. Juu yake wakaweka seli za mishipa midogo ya damu, zote zikipata lishe ileile. Seli iliyotua kwenye kidoa kikubwa ilijitandaza ikaishi. Iliyobanwa kwenye kidoa kidogo ilikufa. Labda ilikosa protini ya kutosha? Wakapanga vidoa vidogo vidogo vilivyoachana, jumla ya protini ikawa haba vilevile. Seli ikanyoosha mikono kutoka kidoa hiki hadi kile, na ikaishi! Kumbe seli huhesabu nafasi ya kujinyoosha, si chakula peke yake. Seli nyingi za saratani hazijali jambo hilo, hukua hata bila kushikilia kitu, na ndiyo sababu madaktari wanataka kulielewa. Bila muhuri, swali hilo lingejibiwa vipi?

Na ile kalibu ghali, je? Michelle Khine alipoanza kufundisha katika chuo kipya cha Merced, huko California, hakuwa na chumba maalumu cha kutengenezea kalibu. Akakumbuka mchezo wa utotoni, karatasi za plastiki ziitwazo Shrinky Dinks ambazo hunywea zikitiwa motoni. Akachapa michoro juu yake kwa printa ya ofisini, akaziweka kwenye kijoko cha kuokea mkate. Plastiki ikanywea, wino ukainuka kama matuta, kalibu ikawa tayari. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2008. Michoro yake ilikuwa ya mikromita, si nanomita, lakini mimi ndiye aliyenitia moyo.

Nikajiuliza, nyumbani kuna kalibu gani? Nikapata: CD ya kurekodia. Ina mifereji iliyoachana nanomita 1,600, na ya DVD imeachana 740. Mimi na rafiki yangu tuliikwaruza CD upande wa lebo, tukabandika selotepu na kuivuta, ule utando wa fedha ukatoka. Tukaisafisha kwa spiriti. Wino tulioweza kupata ni jelatini ya dukani, ambayo pia ni protini. Tuliimimina nzito, na kufikia Jumatatu ilikuwa imeota ukungu, bweni zima likanung'unika. Mara ya pili tukaimwaga nyembamba, tukaiacha siku mbili dirishani. Ilipobanduka, lahaula! Rangi za upinde wa mvua zilicheza ndani ya jelatini isiyotiwa rangi yoyote.

Tukapitisha mwanga wa kitochi cha leza nyekundu (usikuelekeze machoni, tafadhali). Ukutani, mita moja mbele, nukta ya pembeni ilikaa karibu sentimita 44 kutoka ile ya kati, kama CD yenyewe inavyofanya. Mifereji ilikuwa imehama.

Mlezi wetu aliishika ile jelatini, akaigeuzageuza juani.

"Na hii mnaiitaje?"

"Chapa, Mwalimu. Ile CD ndiyo kalibu."

Hakucheka. Muhula ujao ni zamu ya DVD. Kwa hesabu yetu nukta itaruka hadi mita 1 na sentimita 84 pembeni, nao ukuta wa maabara una kabati. Tumeomba ukumbi wa maankuli.