Sumaku na Mawazo Yanayomtesa Mzazi (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi mama aliyejifungua anavyoweza kuvamiwa na taswira za kumdhuru mwanawe, akaficha visu au akaogopa kumwogesha. Taswira hizo zinamchukiza, na hapo ndipo anapotofautiana na mwenye kichaa cha uzazi, ambaye huweza kuyaamini mawazo yake na huhitaji hospitali siku hiyo hiyo. Je, mashine ya sumaku itamfaa mama huyu? Naamini inastahili nafasi, ila si nafasi ya kwanza.

Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walionyesha mwaka 1985 kwamba koili ya sumaku iliyowekwa juu ya kichwa huamsha seli za ubongo bila kisu wala nusukaputi. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu aina ya mashine hiyo ifikayo ndani zaidi ya ubongo itumike kwa ugonjwa wa mawazo yanayojirudia bila hiari (OCD), ambao ndio unaomtesa mama huyu. Utafiti ulioiunga mkono, uliochapishwa 2019, ulihusisha wagonjwa 99 ambao tiba za awali hazikuwatosha. Baada ya wiki sita, asilimia 38 hivi ya waliotibiwa walipata nafuu ya maana, dhidi ya 11 ya waliowekewa mashine ya kuigiza. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini wengi wa waliotibiwa hawakufikia nafuu hiyo. Tena kabla ya kila kikao mgonjwa alikabilishwa kwanza na kile anachokihofia, kwa hiyo sumaku haikufanya kazi peke yake.

Wapo watakaosema mama anayenyonyesha aikimbilie sumaku ili aepuke vidonge. Hoja hiyo ina uzito mdogo kuliko inavyodhaniwa, kwani sertralini, kwa mfano, hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana. Wengine wanaogopa kwamba sumaku italeta kifafa. Ni nadra, lakini kukosa usingizi huongeza hatari yake, na nani hukosa usingizi kama mzazi wa kichanga? Jambo hili linanisumbua kuliko yote, maana utafiti ule ulikuwa wa watu wazima kwa jumla, haukuwalenga wazazi. Basi tuanze na tiba ya mazungumzo inayomzoesha mama kuikabili hofu bila kuikimbia, pamoja na dawa inapobidi. Na watakaoijaribu sumaku kwa wazazi wapime saa zao za usingizi kabla ya kila kikao, na waandae mahali pa kunyonyeshea pale pale kliniki.